Mtu Mmoja Anagonga

Masanja wangu alifia kitandani, mchana, nikiwa uani namkorogea uji. Hospitali walikuwa wameturudisha nyumbani wakisema mapafu yamejaa vumbi la mawe, vumbi la zamani, na kwamba hawana tena la kufanya. Niliporudi na kikombe nilimkuta ametulia, uso ameuelekeza dirishani, na kwa muda niliendelea kuupuliza ule uji upoe, kama mtu ambaye macho yameona lakini kichwa bado hakijaambiwa. Msibani pale nyumbani kwetu Kambarage, kila aliyeshika kipaza sauti alirudia neno lile lile: Mungu ni mwaminifu, alimtoa ndugu yetu chini ya ardhi akiwa kijana, akamwongezea miaka, akampa na wajukuu. Watu wakaitikia amina. Nami niliitikia, maana ni kweli, alitolewa, nilikuwepo. Ila kila walipolisema hilo nilimkumbuka mtu mwingine ambaye hakutolewa, nikabaki sijui nishukuru au ninyamaze.

Jioni ya siku ya pili ya msiba akaingia mwanamke mrefu, mnene, amejifunga kitenge cha kijani, mkononi ana begi dogo la safari. Akavua kandambili mlangoni, akapita katikati ya wanawake bila kuuliza, akaketi mkekani ubavuni kwangu. Nilimjua kabla hajasema kitu. "Pole, Kabula," akasema. Hakuna anayeniita Kabula siku hizi. Hapa mtaani mimi ni Mama Yohana, au bibi basi. "Nimetoka Chato. Habari nimezipata kanisani, nikapanda basi." Tangu mwaka ule wa machimboni nilikuwa sijamtia machoni. Wifi yangu akaninong'oneza, "Huyu ni nani?" Kumweleza mtu Minza ni nani kwangu ni lazima nimweleze mwaka mzima, na mwaka ule mimi mwenyewe sijawahi kuuelewa.

Tulikuwa tumeoana karibuni, mimi na Masanja, mtoto bado sina, tukahamia machimboni upande wa Geita, mahali ambapo muda si mrefu nyuma palikuwa shamba la mihogo na sasa palikuwa na vibanda kila upande, muziki, mashine za kusagia mawe, na vumbi jeupe juu ya kila kitu mpaka kwenye kope za watoto. Chumba chetu kilikuwa nusu ya nyumba ya miti na udongo. Nusu nyingine walikaa Elikana na mkewe Minza, na binti yao mdogo, Neema. Ukuta uliotutenga haukufika kwenye bati. Aliyeujenga nadhani udongo ulimwishia. Kwa hiyo tuliishi nyumba mbili kwa masikio ya nyumba moja. Nilijua kwao wanakula dagaa kabla harufu haijanifikia, kwa sababu nilimsikia Minza akimwambia mtoto asimpe paka vichwa. Nao bila shaka walijua siku tuliyogombana, na siku tuliyopatana.

Elikana ndiye aliyekuwa anaongoza kwaya katika kanisa letu la turubai, na kila jioni aliomba na familia yake kwa sauti. Haikuwa sala fupi. Alimtajia Mungu bati linalovuja, magoti ya mama yake, kikohozi cha Neema, wachimbaji wote waliozama siku ile na watakaozama kesho. Halafu wakaimba wimbo mmoja, ule ule kila siku, yeye kwa sauti nene na Minza juu yake. Masanja hakuwa mtu wa kanisa. Alilala chali kitandani akingoja chakula, na sala ikizidi kurefuka alipaza sauti kutoka upande wetu, "Amina!" ili wamalize. Mimi niliona aibu, nikamfinya. Lakini Elikana alicheka kule kule ndani ya sala, akasema, "Na umkumbuke, Bwana, jirani yetu huyu mwenye haraka." Asubuhi waliondoka pamoja kwenda kwenye duara, yaani lile shimo wanalozama wachimbaji, wakigombania nani abebe nyundo. Walikuwa marafiki kuliko walivyokuwa tayari kukiri.

Mimi na Minza tulipika kwenye jiko moja chini ya kibanda cha nyasi. Alinizidi miaka michache, nikamwita dada. Alinifundisha kupika michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, kwa karanga zilizotwangwa hadi zikatoa mafuta, na alinifundisha kusali, ingawa hakujua kwamba ananifundisha. Alikuwa anaongea na Mungu huku anakoroga ugali, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba mtu yuko nyuma ya kibanda anakata kuni. Siku moja nilimuuliza, "Dada, unajuaje kama anasikia?" Akanitazama kwa mshangao. "Mbona mimi namsikia mwanangu akiita, hata nikiwa kisimani?" Nikaona jibu hilo linatosha. Nilikuwa kijana, majibu mengi yalinitosha.

Mvua za mwaka ule zilikuja nyingi na mapema. Mwenye duara aliwaambia vijana waongeze matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, na nafikiri waliongeza, sijui. Wengine walisema yaliongezwa, wengine wakasema yaliyowekwa yalikuwa mabichi. Asubuhi ile tulikuwa tunaanua nguo Minza na mimi kwa sababu wingu lilikuwa limetanda, na tukaona watu wanakimbia kuelekea upande mmoja. Hakukuwa na kishindo. Watu huwa wananiuliza kama nilisikia kishindo, nami nawaambia nilisikia nguo zikipigwa na upepo. Kisha mtu akaja akasimama mbele yetu, akamtazama Minza, akanitazama mimi, akashindwa aanze na nani. "Duara limekaa, limeporomoka," akasema. "Wako wawili chini."

Wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kusogea karibu na duara. Ilisemekana dhahabu hukimbia. Kwa hiyo tulikaa chini ya turubai la kanisa, tukingoja habari ziletwe. Wanaume walikuwa wanachimba kutokea duara la jirani, wakibadilishana, wengine Wakristo, wengine Waislamu, wengine hawana dini yoyote, wote rangi moja ya tope. Nikasikia kina mama nyuma yangu wakinong'ona kwamba mwenye duara amemwita mganga, na mganga anataka mbuzi mweusi. Mwingine akasema tatizo ni waliooana karibuni, kwamba binti aliyekuja machimboni na nyota mbaya anajulikana. Nilijua ananisema mimi. Minza naye alisikia, akageuka akasema, "Mayu, kama hujui kuomba, katuchotee maji." Yule mama akaondoka, na kweli akarudi na ndoo ya maji.

Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, mwinjilisti alikuja mbio, magoti yake yamejaa udongo. Alikuwa kijana mwembamba aliyekuwa akituhubiria kila Jumapili. Akasema wachimbaji wamesikia mtu anagonga. Wanawake wakapiga vigelegele. Minza akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Lakini mwinjilisti alikuwa bado amesimama, na uso wake haukuwa wa vigelegele. Akatueleza taratibu. Wale wa juu walikuwa wamegonga jiwe mara mbili, kuuliza kama wapo wawili. Chini ikajibu mara moja. Wakauliza tena. Ikajibu mara moja. "Mtu mmoja anagonga," akasema. "Hatujui ni nani."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezaa, nimezika, na sijawahi tena kukaa mahali kama pale. Minza alikuwa bado amenikumbatia. Nilihisi mikono yake ikilegea, kisha ikakaza tena. Mwinjilisti akasema tuombe, na yeye mwenyewe akaanza, "Bwana, mkumbuke mtumishi wako…" akakwama, maana hakujua ataje jina gani. Mbele yake kulikuwa na wake wawili na ndani ya ardhi mgongaji mmoja. Nilitaka kuomba. Nilifungua kinywa na neno lililokuja lilikuwa Masanja, na papo hapo nikaelewa kwamba nikilitamka namwomba Mungu amzike Elikana. Nikalimeza. Basi sikuomba kitu. Ni Minza aliyeomba, kwa Kisukuma, kwa ile sauti yake ya jikoni. Alisema, "Baba, mtoe huyo anayegonga." Hakutaja jina. Akarudia mchana kutwa, akirudia na kurudia, na ugali tulioletewa ukakauka kwenye sahani mpaka ukapasuka.

Walimtoa siku ya pili yake, macho wameyafunga kwa shati ili mwanga usiyaumize. Alikuwa Masanja. Nilimjua kwa miguu. Nilianguka, sikumbuki nilivyoanguka, nakumbuka kwamba aliyeniinua alikuwa Minza, na kwamba alipohakikisha nimesimama ndipo akauliza, kwa utulivu uliotisha, "Na mwenzake?" Masanja alikuwa amelala kwenye kitanda cha miti. Akatikisa kichwa upande upande, lile shati usoni. Minza akaketi chini hapo hapo kwenye tope, akaanza kuvua hereni zake.

Mwili wa Elikana waliutoa baadaye, tukamzika kwenye mwinuko nyuma ya vibanda. Mwinjilisti alihubiri kwamba ndugu yetu alikufa akiimba, kwamba sauti yake ilianza wimbo chini ikaumalizia juu. Watu walilia kwa faraja. Jumapili iliyofuata, watu wale wale, turubai lile lile, ikawa ibada ya shukrani kwa ajili ya Masanja. Wanawake walipika wali na nyama. Minza hakuja, lakini nilipokwenda jikoni nilikuta ameshawasha moto na kupepeta mchele, peke yake, mgongo ameugeuzia njia. Mwinjilisti akamwita Masanja mbele ashuhudie. Akaenda. Akasimama, akashika kingo za sweta lake, akawatazama watu, na hakusema neno. Mwinjilisti akasema, "Ameshindwa kwa furaha! Mungu ni mwaminifu!" Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, natazama mume wangu alivyolikamata lile sweta, na nikajua haikuwa furaha, lakini ni nini, sikujua. Nilipotoka nje nilikuwa na swali moja linanizunguka kama nzi. Kama Mungu amekuwa mwaminifu kwangu, kwa Minza amekuwa nini? Na kama uaminifu wake hauna uhusiano na nani anatoka na nani anabaki, basi sisi tunashangilia nini? Sikuwa na wa kumuuliza. Mtu niliyezoea kumuuliza maswali ya namna hiyo alikuwa upande wa pili wa ukuta, na ilikuwa haiwezekani nimuulize yeye.

Jioni zikawa ngumu kuliko mchana. Upande wa pili hakukuwa tena na sala. Saa ya sala ilifika, nikasikia Neema akisema, "Mama, tuimbe," na Minza akimjibu, "Kula." Masanja alilala chali akitazama pale ukuta unapoishia. Hakuweza tena kulala mlango ukiwa umefungwa. Chakula alikula kidogo, na nikimuuliza habari za chini alisema, "Niache kidogo, Kabula." Nilimwacha.

Ndipo asubuhi moja Minza akaja na sahani ya viazi vya kuchemsha, akaiweka kwenye kigoda. Masanja alikuwa amekaa kizingitini, anaota jua. Minza hakuketi.

"Shemeji," akasema, "mwinjilisti anasema Baba Neema alikufa anaimba. Wewe ndiye uliyekuwepo. Aliimba?"

Masanja akanigeukia mimi.

"Usimwangalie Kabula. Niangalie mimi."

"Hakuimba, shemeji."

Nilisimama na ufagio mkononi. Nilitamani Masanja anyamaze, na nilitamani pia aendelee, maana hata mimi nilikuwa sijaambiwa.

"Gogo lilimbana miguu," akasema. "Mwanzo aliomba sana. Akaniambia tutatoka, Mungu ni mwaminifu. Baadaye akaacha. Akasema, Masanja, nimeita, hayupo. Hayupo kabisa. Akalia. Alilia kama mtoto, shemeji, na mimi sikujua nimfanyie nini, nilikuwa nimemshika mkono tu. Basi nikaanza kuuimba ule wimbo wenu wa jioni. Nilikuwa nausikia kila siku kupitia hapa juu. Ila maneno yote siyajui, nikayachanganya."

"Ukayachanganya vipi?"

"Ubeti wa mwisho nikauweka mwanzo. Akaniambia nimekosea."

"Halafu?"

"Nikaanza upya. Akanirekebisha tena. Halafu akanyamaza, nikaendelea peke yangu. Sijui alikwenda saa ngapi. Niliogopa kuacha."

Kuku akaja akadonoa kiazi sahanini na hakuna aliyemfukuza. Mwishowe Minza akasema, "Wewe. Wewe uliyekuwa unatupigia kelele za amina." Sikuweza kutambua kama anamlaumu au anashangaa. Akageuka akaingia kwake. Wiki ile ile kaka yake alikuja na lori lililokuwa linarudi Chato, wakapakia godoro, masufuria na mtoto, na Minza akapanda mbele bila kuniaga. Sahani yake ilibaki kwangu. Masanja alikaa kizingitini akalitazama lori mpaka vumbi likatulia. "Ningemdanganya?" akaniuliza. Nilimwambia sijui. Mpaka msiba huu jibu langu lilikuwa hilo hilo. Kuna siku niliona amemtendea haki mjane, na kuna siku niliona amemnyang'anya kitu cha mwisho alichobakiwa nacho.

Tukaondoka machimboni kabla mwaka haujaisha. Tulipita Kahama, Masanja akafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kisha tukajenga hapa Shinyanga. Cha ajabu, yeye asiyekuwa mtu wa kanisa akawa haachi ibada hata moja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na wimbo ukianza alisimama pamoja na watu, mdomo ameufunga. Nilimuuliza siku moja tukiwa njiani kurudi nyumbani, "Baba Yohana, unaamini?" "Sijui," akasema. "Ila nikibaki nyumbani naona kama namwacha Elikana peke yake." Nami niliyekuwa naamini tangu utoto nikawa mtu wa kwenda kanisani kama anayekwenda kumtembelea ndugu aliyemkosea, au aliyekosewa naye, hajui ni lipi. Niliimba kwa sauti. Kushuhudia sikushuhudia kamwe. Wamama walidhani nina unyenyekevu.

Baada ya maziko, watu walipopungua, niliingia chumbani na Minza akanifuata na bakuli la maji ya kunawa uso. Mchana ulikuwa mkali, kuku wametulia, na nje wanaume walikuwa wanafungua turubai. Sasa sote tulikuwa wajane, na nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. "Dada," nikasema, "siku ile Masanja alipokwambia ukweli. Alikuumiza?"

"Aliniua," akasema. Akaketi pembezoni mwa kitanda, kile kile alichofia Masanja. "Nilikaa Chato muda mrefu sisemi na Mungu wala sisemi habari zenu. Nilikuwa nafua nguo ziwani, nafua na kulia. Watu waliniambia nifurahi, mume wangu alikufa shujaa wa imani. Na mimi najua alikufa anasema hayupo."

"Basi afadhali Masanja angekaa kimya."

"Hapana. Nisikilize. Mimi pia nilikuwa nasema hayupo. Kama Elikana angekufa anaimba, Kabula, ningebaki mimi peke yangu niliyeshindwa. Ningemwonea aibu hata marehemu. Nilipokumbuka kwamba aliogopa kama mimi, nikaweza kumlilia kama mume wangu. Kisha nikawa nakumbuka na lile la pili. Mtu amemwita Mungu, anasema hajibiwi, na pembeni yake gizani kuna mtu asiyejua kuimba anaimba, anakosea, anaanza upya. Siku moja nikajiuliza: sasa yule Masanja, nani alimwambia aimbe?" Akafuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Sikupata jibu kwa mkupuo. Lakini toka siku hiyo nikaanza tena kuongea naye. Mungu, namaanisha."

"Na kwa nini mmoja alitoka na mwingine akabaki?"

"Hilo silijui."

"Hujawahi kujua?"

"Sijajua. Nimemuuliza mpaka nimezoea kutojibiwa. Nilimwomba amtoe anayegonga, akamtoa. Hapo ndipo ninapoishia." Akanitazama. "Wewe ulifikiri nimekuja na jibu?"

Nilifikiri hivyo, ndiyo. Miaka yote hiyo nilimhifadhi Minza kichwani kama mtu ambaye siku moja ataniambia, na sasa alikuwa amekaa kitandani kwangu, magoti yanamuuma, hajui. Nilitarajia kukata tamaa. Badala yake nilianza kulia, kilio ambacho sikukitoa makaburini, cha sauti, cha kamasi, na nikasema maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba siku ile chini ya turubai sikuomba, kwamba tangu Masanja aanze kuugua sikuweza kuomba tena, kwamba naliita jina la Mungu na naona kama naongea na bati.

Minza hakunihubiria. Alinilaza, akanivua kilemba, akanifunika khanga miguuni ingawa joto lilikuwa kali. "Basi usiombe," akasema. "Lala. Leo nitaongea mimi." Akafumba macho, akaanza kumweleza Mungu kwa Kisukuma habari za nyumba yangu: kwamba Masanja amefika, ampokee, alikuwa mtu mwema na hodari, kwamba Kabula amechoka, hajala tangu juzi, kwamba mwana wetu Yohana anasafiri kesho, gari lake lina matairi mabovu. Hakupandisha sauti wala hakuishusha. Nilikuwa namsikiliza, nikijaribu kujua kama na mimi naamini, na usingizi ukanichukua kabla hajamaliza.